Nyumba Iliyochomwa Ilikuwa ya Nani

Karatu, Jumamosi alasiri

Paskalina binti yangu,

Mmekwenda na mama yako kuaga kwa shangazi zako, na najua huko hamtoki kabla ya kulishwa mara tatu, kwa hiyo nina muda. Nimetoa meza nje, nimeiegemeza ukutani upande wa jikoni ambako upepo haupeperushi karatasi. Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria, ya kutopokea soda kwa mtu usiyemjua ndani ya basi, hayo mama yako amekwisha kukuambia na kesho kituoni atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu kidogo.

Asubuhi ulipokuwa unapanga nguo uliniuliza ile bahasha ya kaki chini ya sanduku lako ni ya nini. Nikakujibu ni vyeti vyako vya shule. Nilidanganya. Vyeti vyako viko kwenye mkoba wa mama yako. Ndani ya bahasha mna malalamiko ya familia ya Mama Naserian, yule mama wa Kimasai uliyezoea kumwita bibi, ambaye sasa hivi amekaa hapa uani anatunga shanga. Ameteremka kutoka kule juu hifadhini kwa gari la misheni ili alale hapa akuage kesho. Bahasha ina karatasi kumi na moja na anwani tatu, na juu yake sikuandika anwani hata moja. Nilipanga kukuandikia maneno machache tu: wewe unakwenda Dar es Salaam kusoma sheria, waulize waliokutangulia huko chuoni, chagua anwani iliyo sahihi, tia stempu, tuma. Nimekaa hapa kuandika maneno hayo machache, na mkono umekataa.

Umekataa kwa sababu malalamiko haya yamebakiza nafasi moja. Yakienda mahali pasipostahili, Mama Naserian hatapata wa kumsikiliza tena, naye umri umekwenda. Mimi baba yako niliyewahi kusimama mbele ya darasa la watoto hamsini bila kutetemeka, sijui pa kuyapeleka. Nimezunguka na jambo hili miaka mingi na kichwa kimekuwa kama redio iliyokaa kati ya stesheni mbili. Na wewe ndiye niliyetaka kukutwika, bila hata kukuuliza.

Nianze mbali kidogo.

Unaikumbuka ile nyumba ya walimu kule juu, na baridi ya asubuhi ya kutoa moshi mdomoni? Ulikuwa darasa la kwanza. Jirani yetu alikuwa mume wa Mama Naserian. Alikuwa rafiki yangu wa kwanza katika nchi ile ngeni kwangu, mimi Mwiraqw wa Karatu niliyekulia kwenye jembe, yeye mtu wa ng'ombe. Alinifundisha Kimasai, mimi nikamfundisha kusoma gazeti, na alipojua kulisoma akaacha kuliamini. Utaona simtaji jina. Sababu nitakuambia mbele.

Ikaja amri kwamba kulima ndani ya hifadhi kumekatazwa, na kwamba maboma ya upande wetu yahame. Mama Naserian alikuwa na kipande cha mahindi na viazi nyuma ya boma, wewe mwenyewe umekula mahindi yale. Asubuhi moja yakaja magari mawili. Waliokuwamo hawakuvaa sare moja; wengine makoti ya mvua, wengine kofia za sufu. Mpaka leo sijui walitumwa na nani, na kila ofisi niliyoiuliza ilijibu si sisi. Walichoma nyumba nne. Rafiki yangu alipoingia kutoa ndama alipigwa, akapakiwa garini, akarudi baada ya siku tisa akiburuta mguu. Mimi wakati huo nilikuwa ubaoni nafundisha kugawanya kwa njia ndefu. Moshi tuliuona. Nikafunga dirisha ili watoto wasisumbuke, nikaendelea na hesabu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sina maelezo yake.

La pili nililifanya kwa bidii. Rafiki yangu alikuja na mguu wake akasema, "Mwalimu, wewe una kalamu. Andika." Nikaandika! Unajua baba yako anavyopenda kuandika. Nikaweka kumbukumbu namba niliyoitunga mwenyewe, nikaweka YAH kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake, nikaweka "tafadhali husika na somo la hapo juu". Na mwishoni, kama nilivyofundishwa chuo cha ualimu, nikaweka neno Nakala, na chini yake orodha. Nakala wilayani, nakala mkoani, nakala kwa katibu wa chama, nakala kwa kila mtu mwenye meza. Nilidhani barua yenye nakala nyingi ina nguvu nyingi. Kumbe kila aliyepata nakala aliona mwenzake pia anayo, akaiweka kando akimwachia huyo mwenzake. Nilipigwa danadana miaka mitano. Nilipanda malori mpaka Wasso kwenye ofisi za wilaya, siku mbili za vumbi, nikaambiwa faili liko Arusha. Arusha nikaambiwa faili limerudi Wasso. Tume ya kupokea malalamiko ya wananchi ilipita, tukajipanga foleni, wakaandika kila kitu kwa heshima. Jibu lilikuja baada ya mwaka: suala linashughulikiwa. Rafiki yangu aliposikia akaniuliza, "Linashughulikiwa na nani, Mwalimu? Mimi mbona sioni mtu?"

Akafa bila kumwona. Mguu ulioza, wakampeleka hospitali, akarudi kuzikwa.

Sasa nikuambie kuhusu jina, kwa sababu hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Baada ya msiba padri mmoja alinipa anwani ya chama cha mawakili huko Ulaya, akasema hao hupokea malalamiko ya watu walioonewa na kuyafikisha Geneva, ambako mataifa yote hukutana. Nikaandika upya, karatasi tisa. Nikapanda juu kuwasomea wenyewe kabla ya kutuma, ili wasije wakasema nimewatungia. Mama Naserian na wazee watatu wakakaa, nami nikawa nasoma kwa Kiswahili na kueleza kwa Kimasai. Mstari wa pili tu, nikataja jina la marehemu.

Mwanangu, sijapata kuona nyuso zikibadilika vile. Mama Naserian alijifunika shuka. Mzee mmoja akainuka akatoka. Mwingine akaniambia polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa, "Mwalimu, umemwita. Sisi aliyekwenda hatumwiti." Nilijua desturi hiyo. Nilikaa nao miaka tisa, nilijua kabisa kwamba kwao jina la aliyekufa halitajwi tena, na kwamba hata mwenye jina kama lake hubadilishiwa. Lakini kwenye karatasi sikuona kama ni kutaja. Nikaomba radhi. Nikafuta. Palipokuwa na jina nikaandika "mzee mmoja mfugaji". Na kwa kuwa sikuona sababu ya kuacha mazoea, chini nikaorodhesha nakala saba.

Mawakili wale walijibu kwa adabu sana. Walisema hawawezi kufikisha popote barua isiyosema aliyeonewa ni nani. Walisema tena, kwa kuwa nimeituma sehemu nyingi kwa mpigo, kila mahali wataniuliza mbona jambo hili liko kwa wengine. Nilisoma barua ile mara nne nikitafuta mahali pa kuwakasirikia nikakosa. Nilijikasirikia mimi. Nilikuwa nimemheshimu rafiki yangu, na kwa heshima hiyo nimemfuta mpaka hakuna aliyeweza kumwona. Lakini ningefanya nini? Niliandike jina lake kwa nguvu, mkewe akilia? Mpaka sasa sijui. Hata hapa, katika barua ya baba kwa binti yake, silitaji.

Nilinyamaza miaka kadhaa. Nikastaafu, tukarudi Karatu, nikalima ngano yangu. Kisha mwaka jana, kwenye ile harusi ya jirani zetu, nilikalishwa karibu na wakili kijana, ndugu wa bibi harusi. Unamkumbuka, yule aliyecheza mpaka kiatu kikafunguka. Nikambana pale pale, pilau mkononi. Maskini, alikuja kula, nikamfanya ahutubie. Akachukua kadi ya mwaliko, akanichorea milango nyuma yake. Ninayo kadi hiyo hapa mezani na kila nikiitazama nazidi kupotea.

Mlango wa kwanza ni Geneva. Huko, alisema, barua ya mtu yeyote hupokelewa, lakini wenyewe huijadili kwa siri, na wanachotafuta ni maonevu ya watu wengi, si ya boma moja. Utapewa risiti kwamba barua imefika, halafu basi. Hutaambiwa wameamua nini. Geneva hiyo hiyo ina kamati nyingine inayosikiliza mtu mmoja mmoja na kumjibu, ila mlango huo hufunguliwa kwa watu wa nchi zilizoukubali, na yetu haijaukubali. Nikamwuliza, sasa kwa nini umeuchora? Akasema, ili ujue upo.

Mlango wa pili ni Banjul, huko Gambia, kwenye tume mpya ya nchi za Afrika. Mkataba wake nchi yetu imekwisha kuukubali. Moyo wangu uliruka. Waafrika wenzetu, watajua boma ni nini, sitahitaji kueleza ndama. Lakini tume yenyewe, alisema, ndiyo kwanza inatafuta viti vya kukalia. Na huko watakuuliza: umejaribu kwenu mpaka ukafika mwisho? Nikamwambia nimejaribu mpaka nimeota mvi. Akatikisa kichwa. Barua za ofisini si mahakama, akasema. Mahakamani hujafika.

Mlango wa tatu ni huo, nyumbani. Katiba imeongezewa haki za raia, na sasa mahakama kuu, kama ile ya Arusha, zimeruhusiwa kuzisikiliza. "Mzee, anzia hapo," akasema. "Ukishindwa hapo ndipo utoke nje, na ukitoka, toka kwa mlango mmoja." Kisha akaitwa kupiga picha na maharusi.

Umeona? Anasema nianzie nyumbani, kwa nchi ile ile iliyoninyamazia. Nje wananiuliza kwa nini sikuanzia nyumbani. Nikienda Geneva nitafungiwa kwenye siri, nikienda Banjul huenda nikarudishwa nilikotoka. Tena haya yalitokea zamani, kabla ya sheria zote hizi, sijui kama zinarudi nyuma. Na jina bado halipo! Niligeuza kadi ile miezi, nikamchosha mama yako, na barua yako ya kukubaliwa chuoni ilipofika, nikaona aibu kusema nilichofurahia. Nilifurahi kwa ajili yako, Mungu shahidi. Ila nilifurahi pia kwamba nimepata wa kumwachia bahasha.

Hapo ndipo nilipofika saa moja iliyopita. Niliacha kuandika, nikaenda uani.

Nilitaka kumwomba Mama Naserian ruhusa. Niliwaza, miaka imepita, huenda sasa jina linaweza kuandikwa, hata kama halitasomwa kwa sauti. Nikavuta kigoda.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia upya kwa Kimasai, nikimwita mama, kama vile hatujaamkiana asubuhi.

"Iko," akaitika. Kisha akacheka. "Mwalimu ukinisalimia mara mbili siku moja najua unataka kitu."

Nikamwambia. Nikamweleza Geneva, nikamweleza Banjul na Arusha, nikamwonyesha kadi. Nikamwambia kote huko lazima niseme aliyeonewa ni nani.

"Jina lake hapana," akasema. Hakukasirika. Alisema tu, na uzi ukaendelea kupita kwenye shanga.

"Basi hatuna la kupeleka, yeyo."

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, siku ile walichoma nini?"

"Nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Nikajibu ya marehemu. Akaweka shanga chini.

"Marehemu alijenga nyumba? Umekaa kwetu miaka mingapi? Umewahi kuona mwanamume anapaka mavi ya ng'ombe ukutani? Mti nilikata mimi. Nimebeba mimi, na mimba ya Naserian tumboni. Nyumba ilikuwa yangu. Ile nyingine ya mke mwenzangu, na mbili za wakwe zangu. Wanaume wana ng'ombe, nyumba ni ya mama. Na mahindi yale alipanda nani?"

Nikairudisha ile kadi mfukoni.

"Marehemu walimpiga, ndiyo. Hilo nalia nalo mwenyewe. Lakini nyumba yangu walichoma na mimi nimesimama nje nimemshika mtoto. Na mpaka leo hawaniachi nilime pale. Leo hii, Mwalimu, si zamani. Wewe umekuja kwangu mara ngapi na karatasi? Kila mara unaniuliza habari za yeye. Nakupa chai, unakunywa, unaniuliza habari za yeye, unaondoka. Mimi niko hai. Jina langu nani amekataza?"

Paskalina, nilikaa pale kigodani kama mwanafunzi aliyekamatwa hajafanya kazi ya nyumbani. Miaka tisa niliingia nyumba zile nikiinama mlangoni, nikajua fika kwamba kwao mwanamke hujenga na nyumba ni yake, mwanamume hukaribishwa. Nilikuwa nawafundisha jambo hilo hata wageni. Lakini nilipokaa kuandika niliandika kwa kichwa cha nyumbani kwetu, ambako nyumba ni ya baba, tena kwa kichwa cha ofisi, ambako mlalamikaji ni mume na mke ni shahidi. Sikuwahi kumwuliza. Niliwalaumu wazee kwa kunizuia jina, nikailaumu desturi, nikazilaumu ofisi, na mwenye malalamiko alikuwa ananimiminia chai. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu siku nilipofunga lile dirisha. Nimelia kidogo, na yeye akajifanya anatafuta shanga iliyoanguka.

Kama kuna kitu kimoja nataka ukichukue kwangu kuhusu hiyo sheria unayokwenda kuisoma, ni hiki, na sikisemi kwa ualimu, nakisema kwa maumivu: kabla hujatafuta pa kupeleka jambo la mtu, kaa naye umwulize yeye amefanyiwa nini. Mimi niliruka hapo nikaenda kutafuta anwani.

Basi nimeandika ukurasa wa kwanza upya. Jina lake kamili liko juu, la mke mwenzake linafuata, na wale wakwe wawili, ambao wako hai na amesema watakubali, nitawafuata kwao. Marehemu nimemwandika "mume wangu", na kwenye maneno hayo akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Amebandika dole gumba lake kwa wino wa kalamu yangu, mpaka kidole kizima kikawa cha buluu. Hakuna nakala hata moja. Mkono ulitaka kuandika Nakala peke yake, nikaushika.

Kuhusu mlango, usidhani nimepata mwanga. Bado sijui. Pengine wakili akisoma atasema nimechelewa, pengine mahakama itasema sikupaswa kuja hivi, pengine tutazungushwa tena na mwisho tuishie Banjul tukute bado wanatafuta viti. Nimejaribu kuwaza kama Geneva ingekuwa bora na kichwa kimeuma. Lakini nilimwuliza Mama Naserian angependa malalamiko yake yaende wapi, swali ambalo pia sikuwahi kumwuliza, akasema, "Mahali ambapo naweza kwenda mwenyewe." Geneva hawezi kwenda. Banjul hawezi. Arusha kuna basi.

Kwa hiyo bahasha nimekwisha kuitoa kwenye sanduku lako. Nafasi yake mama yako ataijaza karanga, mwache. Wewe nenda ukasome kama msichana mwingine yeyote, ucheke na wenzako, ufeli somo moja ukitaka, uandike nyumbani hata mistari mitatu. Ukija kuwa wakili na sisi bado tunazungushwa, hapo nitakuja kukuomba kama mteja, nitakaa kwenye benchi lako kwa zamu. Nisamehe kwa kutaka kukubebesha kwa siri. Nilikuona mkubwa kwa sababu mimi nilikuwa nimechoka.

Kesho, basi, tutapanda gari moja watu watatu, wewe, mimi na Mama Naserian. Mama yako bado hajui, nitamwambia akirudi, atagomba kwamba shati langu halijapigwa pasi. Barua hii nitakupa tukiagana Arusha, maana ndani ya basi mbele ya watu sitaweza kusema hata nusu yake, na wewe ukiniona nalia utalia. Sisi tutashuka, tulale huko tusubiri Jumatatu mahakama ifunguliwe, wewe utaendelea na safari. Sitaki ugeuke kututazama sana. Nakupenda mno, Paskalina, na naogopa nyumba itakavyokuwa kimya.

Mama Naserian amekuja sasa hivi mezani, akasimama nyuma yangu, akatazama karatasi asizoweza kuzisoma. Anauliza huko Arusha tukiingia kwa hao wakubwa, jambo la kwanza watamwuliza nini.

Nimemwambia wataanza na jina lake.

Amecheka, akajipangusa kile kidole cha buluu kwenye shuka. "Hilo nalijua," amesema.

Baba yako